Fisi Mshonaji

"Fisi gani huyu asiyetuliza mguu?" Mwamvua aliuliza.

Alikuwa amekaa mkekani katikati ya ukumbi wa shule, mkasi mkubwa wa baba yake mkononi, vipande vya kadibodi na mabaki ya vitambaa yamemzunguka pande zote. Mapajani mwake alilala fisi wa kadibodi aliyeungwa viungo kwa uzi na vifungo vya shati. Ukimvuta mkono, mkono ulikwenda. Ukimbonyeza kichwa, aliinama kama anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa na viungo vingi kuliko miguu mingine yote. Kila Mwamvua alipougusa ulikanyaga, ukapanda, ukakanyaga tena.

"Huyo ni fundi cherehani," Saning'o alijibu. "Hata akisimama kuzungumza na mteja, mguu unaendelea na kazi. Haujapata habari kwamba mwenyewe amepumzika."

Mwamvua alicheka. Halafu kicheko kikamwishia midomoni.

"Saning'o. Huu ni mguu wa baba."

"Baba yako ana manyoya?"

"Sitanii."

"Mwamvua, mji huu una mafundi kila baraza. Nani atajua ni mguu wa nani?" Alichuchumaa mbele yake, akamtazama kwa macho yale ambayo binti wa watu alikuwa ameshajiapiza kutoyaangalia, na kila siku akayaangalia. "Baba yako akicheka Jumamosi wazazi wakija, mara moja tu, nitakuwa nimeshaingia uani kwenu. Mtu hawezi kumfukuza aliyemchekesha."

"Humjui baba."

"Ndiyo maana nataka kumjua."

Mwamvua aliuangalia mguu wa fisi, akamwangalia na mwenye kuuchora. Akachukua sindano, akakaza kifungo cha goti. Kwa hiyo tusimlaumu Saning'o peke yake. Ingawa, msomaji, utaona kwamba sehemu kubwa ya lawama ni yake, na alistahili kuibeba.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, na Arusha nzima ilikuwa imeshaona sinema ya gari la Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, ile ya kufundisha watu kuchimba vyoo. Mwalimu Aminiel yeye aliona kitu kingine. Alirudi kutoka kozi na habari ya kamera ya misheni, ya kukaza kwa ufunguo, inayoweza kupiga picha moja ikasimama. Ukilaza kikaragosi mezani, ukapiga picha, ukamsogeza kidogo, ukapiga tena, mwishowe kadibodi inatembea! Wanafunzi walipiga kelele. Wapo waliodai kwamba ni uchawi, na hao ndio waliojiandikisha wa kwanza.

Misheni ingewaazima kamera wakati wa likizo, kwa muda mfupi tu. Basi kila kitu kilitakiwa kiwe tayari kabla ya kamera kufika: hadithi, sura, sauti, mandhari. Picha za hadithi zilichorwa moja moja, zikaning'inizwa kwa vibanio kwenye kamba iliyokatiza ukumbi kama nguo zilizofuliwa. Ulianzia mlangoni ukasoma mpaka dirishani. Fisi afungua duka la kushona chini ya Mlima Meru. Mbuzi waja kushonewa nguo za sikukuu. Fisi awapima shingo tu. Mbuzi mmoja mwenye akili auliza kwa nini gauni linahitaji shingo peke yake.

Hadithi ilikuwa ya Saning'o. Mchekeshaji wa shule, mtoto wa Kilutheri kutoka Ngaramtoni, mrefu kama kuni ya mkaratusi. Sauti ya fisi ilikuwa yake pia. Mwamvua alikuwa ameshamaliza darasa la nane, na Mwalimu Aminiel ndiye aliyekwenda mwenyewe kumwombea kwa baba yake, kwa kuwa mjini hapakuwa na mikono ya kukata vizuri kama ile. Mzee Jamaldini alikubali kwa sharti moja: aje na mkasi, arudi na mkasi, na katikati asiongeze kitu.

Aliongeza.

Hebu nikuambie ilivyoanza. Saning'o alikuwa amepeleka kaptula yake kutiwa kiraka kwenye baraza la Mzee Jamaldini, karibu na soko. Akaona pazia la kanga linafunguka. Msichana akatoka, kamba ya kupimia shingoni, akainama kwenye sikio la baba yake, akanong'ona. Mzee akaitika kwa kichwa, akachora chaki kwenye kitambaa. Nyuma ya pazia mama mmoja alikuwa anajifunga buibui. Mafundi wa pwani ndivyo walivyofanya kazi: fundi hamgusi mke wa mtu wala hasemi kipimo chake mbele za watu. Mwanamke hupimwa na mwanamke mwenzake ndani, kipimo kikapita kwa sikio, kikaishia kwenye chaki. Saning'o hakuyajua hayo. Alichojua siku ile ni kwamba alitamani kuwa sikio.

Tangu hapo walionana ukumbini, na wakitoka walitembea pamoja mpaka kwenye daraja la mto Themi, Omary, mwanafunzi mwenzake Saning'o, akiwafuata nyuma kama ushahidi kwamba hakuna kibaya. Darajani walisimama kidogo tu. Siku moja Mwamvua, akichezea ncha ya mtandio wake, alimwambia kitu.

"Usiku baba anashona."

"Na taa?"

"Hana taa. Amelala. Mguu unakanyaga kitandani, kru kru kru, na midomo inasema vipimo. Tangu nikiwa mdogo. Ni vilevile kila siku. Bega kumi na nne, kiuno ishirini na sita, urefu mpaka kifundoni, usipunguze, hapendi fupi." Alicheka kwa sauti ndogo. "Nikisikia hivyo ndipo napata usingizi. Sijawahi kumwambia mtu."

"Mimi si mtu?" Saning'o alisema.

"Wewe ni mzaha unaotembea."

Saning'o alipita juu ya daraja akiwa na furaha hata akasahau kumuaga. Kitu cha ndani kabisa cha nyumba ya watu kilikuwa kimewekwa kiganjani mwake. Unajua alikifanya nini? Alikwenda nyumbani akakichora.

* * *

Jumamosi ukumbi ulijaa wazazi. Mwalimu Aminiel alitaka waone maandalizi ndipo watoe ruhusa, kwa maana siku za kamera watoto wangeshinda hapo kutwa. Picha ya Malkia ilining'inia ukutani kwa heshima yake, na chini yake kamba ya fisi kwa heshima yake nyingine. Mzee Jamaldini aliingia kwa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kiua, dada yake Bi Zamda nyuma yake. Akakaa mbele. Mguu wake wa kulia ukaanza kazi polepole sakafuni.

"Shikamoo, mzee," Saning'o alisema, akainama kuliko kawaida.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa kiraka?"

"Ndiye, mzee. Kiraka bado kipo. Kaptula ndiyo imeondoka."

Mdomo wa mzee ukacheza kidogo, upande mmoja. Saning'o akamtazama Mwamvua kule nyuma: umeona? Mwamvua akainamisha uso, lakini mashavu yalimsaliti.

Mambo yalianza vizuri. Mwalimu aliongoza fimbo kwenye picha, wanafunzi wakasoma sauti. Omary alikuwa mbuzi, akalia mee mpaka mama mmoja akajifuta machozi. Fisi alipopima shingo ya mbuzi na kusema, "Mama, shingo yako ni nzuri, ningependa kuiona na Jumapili," ukumbi ukalipuka. Hata Mzee Jamaldini alitikisika mabega. Saning'o alikuwa anaelea. Alimvuta fisi wa kadibodi mguu mbele ya watu, ukakanyaga, ukapanda, ukakanyaga.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ah! Si Fundi Jamaldini huyo?"

Watu wakageuka, wakatazama mguu wa kadibodi, wakatazama mguu wa mzee. Kicheko kikapanda upya. Mzee akauona mguu wake mwenyewe kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akaukanyaga kwa mwingine, ukatulia. Lakini alikuwa bado anatabasamu. Mtu mzima hutaniwa, akavumilia.

Kama Saning'o angeishia hapo! Lakini mwenye kuchekesha akishasikia ukumbi mzima unamcheka, masikio yake huziba. Kulikuwa na picha moja iliyobaki, karibu na dirisha, iliyofunikwa kwa karatasi. Aliifunua mwenyewe. Fisi amelala kitandani, blanketi mpaka kidevuni, mguu mmoja umetoka nje.

"Na usiku," alisema kwa sauti ya fisi, macho ameyafumba, "fisi anashona usingizini. Kru, kru, kru. Bega kumi na nne! Kiuno ishirini na sita! Urefu mpaka kifundoni, usipunguze, hapendi fupi!"

Watu walicheka. Walicheka sana. Saning'o alifumbua macho kuwatazama, na katikati ya midomo yote iliyokuwa wazi aliona mmoja uliofungwa.

Mzee Jamaldini alikuwa amesimama. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa hasira, Saning'o angejua la kufanya. Uso wa mzee ulikuwa wa mtu aliyevuliwa kanzu njiani.

"Kijana," alisema taratibu, "nani alikupa vipimo hivyo?"

Kicheko kilikatika safu kwa safu, kutoka mbele mpaka nyuma. Saning'o aliishika karatasi, akaifunika picha upya.

Mzee hakungoja. Aligeuka akamtafuta binti yake. Ukumbi mzima ukageuka pamoja naye.

"Mwamvua. Ninavyolala mimi, nani anajua nje ya nyumba yangu?"

Yeyote aliyekuwepo alielewa swali lile linauliza nini. Msichana aliyemwambia kijana habari za kitanda cha baba yake, amekaa naye wapi, saa ngapi, kwa mazoea gani? Mama aliyekuwa jirani yake mkekani alivuta gauni lake pembeni kidogo. Kidogo tu. Mwamvua aliona.

"Lete mkasi," baba yake alisema.

Alitembea kutoka nyuma ya ukumbi mpaka mbele, amebeba mkasi kwa mikono miwili, na kila hatua Saning'o aliihesabu kuwa yake. Bi Zamda alimfunika mtandio kichwani kwa nguvu.

"Mtoto wa wachunga ng'ombe," Bi Zamda alimtemea Saning'o maneno. "Tumekukaribisha kiraka, wewe umeingia mpaka chumbani!"

Saning'o aliwakimbilia hadi ngazi za nje. "Mwamvua, sikujua kwamba—"

Aligeuka. Machozi hayakuwepo. Hilo lilimwogopesha zaidi.

"Hukujua nini? Kwamba ni siri? Nilikwambia sijawahi kumwambia mtu."

"Nilitaka acheke. Nilitaka anipende."

"Alikuwa anacheka, Saning'o! Alishacheka kwenye shingo za mbuzi. Alishakuvumilia hata mguu. Bado ulitaka nini?" Alikaza mtandio wake. "Unajua vile vipimo ni vya nani?"

"Vya mteja yeyote..."

"Nami nilidhani hivyo miaka yote. Nimeuona uso wake leo ndipo nikajua." Sauti ikampungua. "Ni vya marehemu mama."

Baba yake aliita mara moja kutoka barabarani. Mwamvua akashuka ngazi. Nyuma yake Omary, bado ana pembe za mbuzi kichwani, alisema polepole, "Ero, ndugu yangu, hapa umeharibu." Kisha akazivua pembe zake.

* * *

Wiki iliyofuata Saning'o aligundua kwamba aibu ina mwili. Ilikaa kifuani akila, ilimgeuza upande akilala. Mama yake alimsemesha kule Ngaramtoni, "Mbona siku hizi nyumba kimya? Unaumwa?" Akasema meno. Akitembea alijikuta anautazama mguu wake mwenyewe. Ukumbini kamba ilibaki na picha zake, lakini hakuna mkono wa kukata mbuzi waliobaki, na Mwalimu Aminiel alimwambia neno moja tu: "Kamera inakuja. Binti haji. Wewe ndiye uliyeandika hadithi, andika na mwisho wake."

Asubuhi moja alivaa koti lake la shule, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatembea mpaka mjini.

Baraza la Mzee Jamaldini lilikuwa na watu kama kawaida ya siku ya soko. Wachukuzi, kina mama wenye vikapu vya ndizi, Omary ameegemea nguzo akijifanya ananunua uzi. Cherehani ilikuwa inakimbia. Pazia la kanga lilitulia. Saning'o alijua nani yuko nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

Cherehani haikusimama. "Marahaba."

"Nimekuja kupimwa."

"Kitambaa?"

"Sina."

Bi Zamda, aliyekuwa anachambua vifungo kwenye sinia, aliinua kichwa. "Mwenye mzaha kaja na mzaha mwingine."

"Si mzaha, shangazi." Akamgeukia fundi. "Mzee, naomba unipime hapa barazani. Halafu utangaze. Kwa sauti, kila kipimo, watu wote wasikie. Nami nitasimama."

Cherehani ikasimama. Watu wakasogea. Mzee Jamaldini alishusha miwani, akaivaa tena.

"Vua koti," alisema.

Hapo damu ilimpanda Saning'o mpaka masikioni. Hakuwa amelifikiria koti. Chini ya koti kulikuwa na shati lenye kola nzuri na kifua kizuri. Mgongo haukuwepo. Ulishaliwa na miaka, mama yake akaukata ukawa viraka vya shati jingine, na shule nzima haikujua, kwa sababu Saning'o hakuvua koti hata jua liwakeje. Alifungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Akalivua.

Mchukuzi mmoja alipiga mluzi. "Lo! Mbele Mzungu, nyuma Adamu!"

Baraza likaangua kicheko. Majibu yalimjia Saning'o matatu kwa mpigo, mazuri yote, ya kumnyamazisha mchukuzi yule mpaka mwaka kesho. Aliyameza yote matatu. Alisimama wima, mgongo wake wa mifupa ukitazama soko, macho yake yakitazama pazia. Pazia lilikuwa limefunguka kwa upana wa jicho moja.

Mzee Jamaldini alipima bila haraka. Bega. Kifua, ambapo kamba ilizunguka ikabaki ndefu. Kiuno. Mkono. Aliinama kwa taabu akapima urefu. Vidole vyake vilikuwa vya moto na vyepesi, na havikumdhalilisha popote, na hilo Saning'o hakuweza kulivumilia kirahisi. Bora angesukumwa.

"Haya, fundi, tangaza!" mtu alisema.

"Tangaza tusikie kifua cha kuku!"

Mzee alizungusha kamba ya kupimia kiganjani. Alitazama watu. Alimtazama kijana aliyekuwa anangoja, kidevu juu, midomo imebanwa.

"Mwamvua," aliita.

Pazia likafunguka. Alitoka na mtandio wake, amekonda kidogo, macho chini. Akasogea mpaka kwenye cherehani. Na mbele ya soko zima Mzee Jamaldini alimwinamia binti yake, akaweka kiganja kando ya mdomo, akamnong'oneza sikioni.

Kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyesikia hata kimoja.

Saning'o ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalitoka tu yakateremka mpaka kwenye kola yake nzuri, naye akiwa hana mgongo wa shati.

"Nimewapima watu mji huu kabla hujazaliwa," mzee alisema, akirudi kukaa. Hakumtazama. "Yupo mmoja ambaye sikuwahi kumaliza gauni lake. Kitambaa kiko sandukuni. Nikilala namalizia." Akapitisha uzi kwenye sindano, akakosa, akapitisha tena. "Vaa koti, kijana. Baridi ya mlima hii."

"Nisamehe, mzee."

"Sijafika huko. Mwambie mwalimu wako kamera ikija, fisi wake alale bila kusema kitu." Mguu wake ukashuka kwenye kanyagio. "Mguu mwachieni. Mguu watu wameshauona."

Cherehani ikaanza kukimbia. Mwamvua alikuwa ameokota koti. Alimpa kwa mkono ulionyooka, kama mtu anayempa mgeni. Vidole havikugusana. Saning'o hakuthubutu kumtazama usoni, akaliingiza koti upande mbaya, akalivua, akaliingiza tena. Alitembea hatua chache, shingo imejikunja.

Nyuma yake alimsikia Bi Zamda akinong'ona kwa nguvu, namna wanong'onavyo watu wanaotaka kusikika.

"Amekwambia nini baba yako? Eti kifua ngapi kile?"

Cherehani ilionekana kungoja.

"Sikusikia vizuri, shangazi," Mwamvua alisema, akaingia ndani, akalivuta pazia.